Karani wa Benki Kuu na karatasi za Goldenberg

SALMA: Karibuni tena. Kombo, leo nataka tumzungumzie David Munyakei, tena tuanzie mezani pake. Mkasa wa Goldenberg, ule wa serikali kulipia mauzo hewa ya dhahabu na almasi, watu wanaujua, ila kazi ya karani yule wengi hawaijui.

KOMBO: Alikuwa Benki Kuu ya Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali ilikuwa inawafidia wanaouza bidhaa nje: unaleta fedha za kigeni, unalipwa asilimia 20 ya thamani ya mauzo. Goldenberg International ikapewa 35, eti kwa dhahabu na almasi.

SALMA: Na Kenya haina machimbo ya almasi.

KOMBO: Sasa malipo yale makubwa, ya kampuni ileile, yakawa yanapita mikononi mwake. Mwaka 1993 nakala za hati hizo, kutoka kwake, zikawafikia wabunge wa upinzani, Paul Muite na Anyang' Nyong'o. Munyakei akakamatwa, akashtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali. Kesi ilifutwa, lakini kazi ndiyo ikawa imekwenda.

SALMA: Mimi naumizwa na wenzake. Karatasi ya malipo haiishii kwa mtu mmoja: kuna anayeiandaa, anayeihakiki, anayetia saini. Wote wana macho. Kijana akianza kazi tunamwambia "uwe mwaminifu, mwanangu". Siku akigoma kusaini, wale wale tunamwambia "una watoto, usijitie ushujaa".

KOMBO: Taratibu, dada. Kodi ya nyumba haimsubiri mtu. Aliyenyamaza namwelewa.

SALMA: Aliyeogopa hata mimi namwelewa. Ninayemlaumu ni aliyemkwepa baadaye, hatari ilipokwisha. Munyakei alikwenda Mombasa, akasilimu, akaoa, kisha akarudi Narok. Tume ya Bosire, ya kuchunguza mkasa ule, ikaundwa mwaka 2003, akatoa ushahidi. Mwaka 2004 akapata tuzo ya uadilifu ya Transparency International, shirika linalopambana na rushwa. Mwaka 2006 akafariki maskini. Tuzo alipewa, ajira hakupewa! Mtu aliyeilinda hazina ya nchi, ofisi gani ingepata hasara kwa kumwajiri?

KOMBO: Hapo sina la kukupinga. Sheria za kuwalinda wanaofichua maovu zimekuja: Uganda mwaka 2010, Tanzania 2015. Ila zisomwe vizuri. Ya Tanzania inamlinda aliyepeleka taarifa kwa mamlaka husika, kwa hiyo ukikimbilia mitandaoni kwanza, ulinzi huo usiutegemee.

SALMA: Kuna msikilizaji ametuandikia, anaambiwa asaini stakabadhi za mafuta ya gari ambalo liko gereji, halina hata magurudumu. Anauliza afanye nini.

KOMBO: Asisaini. Aandike tarehe, kiasi, na nani alimwagiza. Akiagizwa kwa mdomo, aombe maandishi. Wengi wa wanaoagiza hivyo huishia hapo hapo.

SALMA: Na wewe unayekaa meza ya pili yake, umeliona gari lile. Akiitwa kwa meneja, ingia naye.