Mwingereza Kavaa Gomesi: Data Bandia ya Umeme na Nyumba Zetu

Asanteni. Maiki inasikika huko nyuma? Haya. Wamenialika niongee Kiswahili tu na nisizidishe nusu saa, hilo la kwanza nitajitahidi.

Mada mnaijua, unaifundisha kompyuta kwa data ya mita za kweli, halafu inakutungia nyumba ambazo hazipo, kila moja na matumizi yake ya umeme nusu saa kwa nusu saa, ili mtafiti apige hesabu zake bila kuchungulia maisha ya mtu. Maana mita inasema mengi jamani, inasema umeamka saa ngapi, umesafiri lini, nani kabaki nyumbani. Kwa hiyo siipingi hii kazi, nasema mapema kwa sababu kila nikimaliza kuongea kuna mtu anasema mzee anachukia kompyuta. Sichukii. Nauliza kitu kimoja tu, hiyo mashine imefundishwa na nyumba za nani?

Kijana mmoja niliyekuwa namsimamia aliniletea grafu nzuri sana, rangi rangi, nyumba 1,000 za Kampala za kubuni. Nikaangalia. Januari matumizi yako juu, Julai yako chini. Nikamuuliza, Januari Kampala kuna nini? Akasema labda watu wamerudi kutoka kijijini baada ya Krismasi. Sawa. Na hii inayoanza kupanda saa kumi jioni? Kimya. Tukafungua mafaili yake, kumbe kafundishia ile data ya London, kaya 5,567, kuanzia Novemba 2011 mpaka Februari 2014, kila mtu anaichukua kwa sababu iko wazi na ni ya bure. Sasa Januari London jua linazama saa kumi jioni! Watu wako ndani, taa zimewaka, baridi kali. Sisi hapa tuko karibu kabisa na ikweta, jua linazama kwenye saa moja mwezi wowote ule. Alichofanya kijana ni kugawanya namba zote mpaka wastani ukalingana na wa kwetu, akaandika Kampala juu. Yaani Mwingereza kapunguziwa umeme kavalishwa gomesi, lile gauni la akina mama wa Uganda.

Mnacheka, lakini grafu kama ile mtu anaweza kuipeleka kwenye mkutano wa kupanga transfoma.

Najua kuna mtu hapo anasema si tutumie data ya Yaka, zile mita za kulipia kabla, iko tele. Yaka inajua umenunua tokeni lini, saa uliyowasha pasi hapo haipo. Mimi tarehe moja ya mwezi asubuhi na mapema niko kwenye simu nanunua, kwa sababu yuniti chache za kwanza za mwezi bei yake ni nafuu, na wengi wenu mnafanya hivyohivyo msinitazame. Sasa ifundishe mashine kwa manunuzi hayo, itakwambia Kampala nzima inapika tarehe moja halafu inafunga mwezi mzima.

Halafu njoo Nansana, hapa pembeni ya Kampala, kwenye mizigo, vile vyumba vya kupanga vilivyo kwenye mstari mmoja. Vyumba nane, mita moja. Keateka, yaani msimamizi wa nyumba, ana daftari, mwenye friji analipa zaidi, mwenye taa na redio anatoa chake, na kuna yule wa chumba cha mwisho ana koili ya kuchemshia maji anaificha chini ya kitanda, kila mtu anajua na kila Jumapili asubuhi kuna kelele. Maharage yanapikwa nje kwenye sigiri kwa makaa, kwa hiyo mlo mzito wa siku nzima mita haiujui kabisa. Mashine ya London ikiona mita hiyo itasema hapa anaishi tajiri mmoja asiyekula.

Na sifuri! Kwenye data yao sifuri ni kitu cha ajabu, huku sifuri inaweza kuwa yuniti zimeisha, au umeme umekatika mtaa mzima, au kweli hakuna mtu. Sifuri tatu tofauti, na mwanafunzi anazifuta zote anasema anasafisha data. Anasafisha nini? Hayo ndiyo maisha yenyewe.

Naoneshwa dakika tano, haya haraka. GAN, mtindo mmoja wa kutunga data bandia, wa tangu 2014, wa mtafiti Goodfellow na wenzake, ni mashine mbili, moja inaghushi noti nyingine inaikagua kwenye mwanga kama mama wa soko la Owino akipewa elfu hamsini, zinashindana mpaka mkaguzi anashindwa kutofautisha. Ubaya wake mghushi mvivu, akipata noti moja inayopita anachapa hiyohiyo, kwa hiyo unaweza kupata nyumba elfu zote ndugu. Siri za watu nazo, msidhani data bandia ni salama yenyewe tu, kijiji kikiwa na fundi mmoja tu wa kuchomelea, mashine inaweza kumkariri na kumtoa alivyo, na sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019.

Mimi nataka nyumba za kweli kwanza, hata mia, ndipo mashine ije izizidishe. Pale kwenye boksi nina vipimo 12 vya kufunga kwenye waya, vinarekodi kila dakika. Anayeishi kwenye mizigo Nansana, Kireka, Bwaise, anione hapo mlangoni, na usiniambie utamuuliza mwenye nyumba, niletee mwenye nyumba.