Mkataba wa Miaka Minne, Wajibu wa Miaka Minane

Waheshimiwa wazazi, ndugu zangu na vijana,

Nimeombwa nizungumzie wajibu unaombakia mtu baada ya kuvua magwanda ya jeshi la Marekani, na nitaanza na karatasi moja. Askari anapotoka jeshini hukabidhiwa hati iitwayo DD 214, ambayo familia nyingi huihifadhi vizuri kwa kuwa ndiyo uthibitisho wa utumishi wake. Katika hati hiyo, kisanduku cha 6, ambacho jicho hukipita upesi, huandikwa tarehe ya kukoma kwa wajibu wa akiba, yaani wajibu wa kuweza kuitwa tena jeshini. Mara nyingi tarehe hiyo iko miaka kadhaa mbele ya siku aliyorudi nyumbani.

Kila anayejiunga kwa mara ya kwanza huchukua wajibu wa miaka 8 kwa jumla. Kijana aliyetia sahihi miaka 4 ya utumishi wa kila siku, akaanza Julai 2019 na kutoka Julai 2023, bado anadaiwa hadi Julai 2027. Asipojiunga na kikosi cha akiba chenye mazoezi ya kila mwezi, jina lake huingizwa katika akiba ya askari mmoja mmoja, ambako hana kamanda wa kumwona wala mshahara, ila anatakiwa kutoa taarifa anapohama makazi na kuitikia anapoitwa kuhakikiwa. Kwa kuwa maisha yake yanafanana kabisa na ya raia, ni rahisi mno kusahau kwamba hajamaliza.

Wito wenyewe si jambo la kufikirika. Juni 2004, vita vya Iraki na Afghanistani vikiendelea, Jeshi la Nchi Kavu lilitangaza kuwaita askari wapatao 5,600 kutoka akiba hiyo, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokwisha kuanza kazi, masomo na ndoa. Rais akitangaza hali ya hatari ya kitaifa, sheria inamruhusu kuita askari wa akiba hadi 1,000,000, kwa muda usiozidi miezi 24 mfululizo. Aliyeitwa anaweza kuomba kuahirishiwa au kusamehewa kwa sababu ya ugonjwa au shida nzito ya kifamilia, lakini ni lazima aombe na aambatishe vielelezo. Kunyamaza hakumwondolei wito. Kuhusu ajira, sheria ya mwaka 1994 inamlinda: akirejea kwa kufuata masharti yake, mwajiri anapaswa kumrudisha kazini.

Sipingi haki ya taifa kuwaita watu liliowafunza. Kinachoniumiza ni kijana wa miaka 18 kuelezwa kwa kirefu habari za karo ya chuo atakayolipiwa na jeshi, huku miaka hii ya mwisho ikitajwa kwa sentensi moja tu, naye mzazi wake, ambaye pengine Kiingereza cha mikataba kinampiga chenga, ameketi pembeni akitikisa kichwa kukubali. Mzazi, omba usomewe kifungu hicho polepole kabla sahihi haijatiwa.

Kwa maofisa jambo ni zito zaidi, maana kamisheni yao, yaani uteuzi wao wa uofisa, haikomi yenyewe miaka 8 inapotimia. Mwaka 2004 wako waliodhani wamekwisha kumaliza, kumbe hawakuwa wamewasilisha barua ya kujiuzulu, na amri ya kuripoti ikawafikia.