Siku Yako ya Kwanza ya Kuvua Trauti kwa Nzi wa Bandia

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo nakuchukua mtoni kumvua samaki aitwaye trauti, kama ninavyomchukua mgeni ambaye hajawahi kushika ufito wa aina hii. Kazi yangu ni kuongoza wavuvi, na wengi ninaowapokea ni wa siku ya kwanza. Kwa muda niliofanya kazi hii nimeona kwamba anayerudi bila samaki mara nyingi si mwenye mkono dhaifu, ni mwenye haraka. Kwa hiyo ukiniona humu nimesimama tu, sifanyi kitu, usiruke kwenda mbele. Hapo ndipo penye somo lenyewe.

Tuanze na vifaa, na sitakaa sana hapo. Huu ni ufito wa futi 9, namba 5. Namba hiyo inakuambia uzito wa mshipi unaoufaa, basi na mshipi wake uwe namba 5. Katika uvuvi wa ndoano uliozoeleka, chubwi au chambo ndicho kizito, nacho huvuta mshipi. Huku ni kinyume. Nzi mwenyewe, yaani ndoano ndogo iliyopambwa ifanane na mdudu, ni mwepesi kama unyoya, hawezi kuvuta chochote. Mshipi huu mnene ndio wenye uzito, ndio unaombeba. Mbele yake kuna uzi usioonekana kirahisi, kama futi 9 nao, unaozidi kukonda kuelekea kwenye nzi. Kofia na miwani ni lazima, hata kukiwa na mawingu. Miwani inakinga macho yako na ndoano inayoruka, na ile ya kuondoa mng'ao wa maji inakuonyesha samaki aliko. Hakikisha pia una kibali cha kuvua na unajua sheria za mto huo kabla hujafungua mkoba.

Sogea uone ninavyofunga nzi. Napitisha uzi kwenye tundu la ndoano, nauzungusha mara 5 kwenye uzi wenyewe, narudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kabla ya kukaza, natia mate. Uzi mkavu ukikazwa hupata joto la msuguano na kudhoofika, na utalijua hilo samaki akishaondoka na nzi wako.

Halafu nachukua koleo. Unakiona kijino hiki nyuma ya ncha ya ndoano? Nakibana mpaka kilale kabisa. Samaki atafunguka kwa urahisi, na wewe pia. Mgeni wangu mmoja upepo ulimrudishia nzi sikioni. Kwa kuwa kijino kilikuwa kimebanwa, ndoano ilichomoka mara moja, tukaendelea na siku yetu.

Sasa tunakwenda kwenye nyasi, si majini. Naondoa nzi, nafunga kipande cha uzi wa sufu mahali pake. Toa mshipi wenye urefu wa ufito mara tatu, kama mita 8, uulaze mbele yako. Unatosha. Wengi hufika wakitaka kurusha mbali, ilhali trauti wengi ninaowaona wakishikwa na wanaoanza huwa ndani ya mita hizo 8 au 10.

Shika ufito, dole gumba likae juu ya kishikio. Mimi naelekea kushoto kwako, basi fikiria saa ya ukutani nyuma yangu, 12 ikiwa juu ya kichwa. Nasema tarakimu zilizoandikwa kwenye saa, si saa nne wala saa saba. Ncha ya ufito iko chini karibu na nyasi. Nainua polepole, naongeza kasi, halafu nasimama ghafla kwenye 1. Ghafla, kama mtu aliyegonga ukuta. Sasa tazama: sifanyi kitu. Mshipi unajikunjua nyuma yangu, unanyooka, na hapa kiganjani nausikia ukivuta kidogo, kana kwamba kuna mtu ameshika ncha yake. Mvuto huo ndio ruhusa yako. Sasa peleka mbele, simama tena kwenye 10, uache mshipi ushuke.

Nitarudia. Nyuma, simama, ngoja. Mbele, simama, shusha. Usione haya kugeuza kichwa utazame nyuma. Mimi nawaambia wageni wangu wote wageuke. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, hukungoja. Kwenye nyasi mlio huo hauna hasara, lakini mtoni maana yake nzi amekatika. Mshipi ukianguka kama lundo la kamba mbele yako, kifundo cha mkono kimepinda mno na ufito umelala nyuma. Bana mwisho wa kishikio karibu na kigasha chako, utaona tofauti. Fanya hivi robo saa, upumzike, urudie.

Haya, mtoni. Kwanza natumbukiza kipimajoto. Trauti ni samaki wa maji baridi. Nikikuta maji yamefika nyuzi 20 za Selsiasi, naahirisha safari hata kama mgeni ametoka mbali. Maji ya moto huwa na oksijeni kidogo, na samaki aliyechoka humo anaweza kufa hata ukimwachilia vizuri. Buti zetu tulizisugua na kuzikausha jana, tusihamishe viumbe au magonjwa ya mto mmoja kwenda mwingine.

Sasa kaa chini, uyatazame maji. Ona pale mkondo wa kasi unapopakana na maji tulivu. Kuna mstari wa mapovu. Trauti hukaa upande wa utulivu, kichwa kikielekea maji yanakotoka, akingoja chakula kiletwe na mkondo. Hupumzika pia nyuma ya jiwe, na mbele yake. Kwa kuwa anatazama juu ya mto, yaani maji yanakotoka, sisi tunamjia kutoka chini, yaani maji yanakokwenda, tukiwa tumeinama.

Kabla ya kuchagua nzi, geuza jiwe moja la majini. Hawa wanaotambaa ni tunutu, yaani wadudu wachanga, na hivi vijumba vya mchanga na vijiti vina mdudu ndani yake. Lirudishe jiwe kama lilivyokuwa. Juu ya maji leo naona wadudu wadogo wa kijivu, mabawa yamesimama wima kama tanga la ngalawa. Basi nachukua nzi wa kuelea, wa ukubwa huo na rangi inayokaribiana. Ukubwa nauzingatia kuliko rangi. Siku ambayo hakuna samaki anayepasua maji, nafunga nzi wa mfano wa tunutu azame, na kiboya kidogo juu yake, maana trauti hula zaidi chini kuliko juu.

Tunaingia. Mgeni wa kwanza namwingiza maji ya magotini tu. Kama umevaa suruali ya mpira ya kufika kifuani, kaza mkanda wake, maji yasijae ndani ukianguka. Burura miguu, usiipishanishe, na fimbo ya kutembelea iguse chini kabla ya kila hatua. Ukichukuliwa na maji, lala chali, miguu itangulie maji yanakokwenda.

Namrusha nzi atue mita moja upande wa juu wa mto kutoka pale ninapodhani samaki yupo. Sasa mtazame nzi, usinitazame mimi. Anashuka sawasawa na mapovu yaliyo pembeni yake. Vizuri. Hapa je? Mkondo wa kasi umeshika mshipi, nao umeanza kumburuta. Ona ule mkia mdogo nyuma yake kama wa mashua. Trauti akiona hivyo hamgusi. Dawa yake ni kuinua ncha ya ufito na kulaza sehemu ya katikati ya mshipi upande wa juu wa mto, mapema, kabla mvuto haujafika kwenye nzi. Tunarudia. Na tena. Nzi ashuke kana kwamba hakufungwa na chochote.

Umeona? Kile cheupe chini ya maji ni mdomo wake ukifunguka. Usivute! Acha aufunge, ndipo uinue ufito kwa utulivu. Sasa ufito umepinda, nao ndio unaofanya kazi. Akikimbia, mwachie mshipi utoke, akisimama, urudishe. Usimchoshe kwa kuchezea. Mwelekeze kichwa kwanza kwenye wavu.

Lowesha mikono. Mwili wake una ute unaomkinga na magonjwa, na mkono mkavu huuondoa. Abaki majini ndani ya wavu. Ukitaka picha, mwinue sekunde chache tu, matone yakiwa bado yanadondoka. Usiguse matamvua. Nashika ndoano kwa koleo, naigeuza ilikoingilia, imetoka. Sasa namshika chini ya tumbo, kichwa kikielekea mkondo, mahali palipotulia. Simsukumi. Matamvua yanafunguka na kufunga. Ngoja... ngoja... mkia umepiga. Ameondoka mwenyewe.

Maji hapa tumeyavuruga. Tunapanda hatua 20 juu ya mto, tunakaa kwenye lile jiwe, tunatazama tena.