Mstari Kwanza, Kifaa Baadaye: GPS kwa Waendesha Baiskeli wa Milimani Dodoma

Mbukwenyi, ndugu zangu. Karibuni, waliosimama nyuma kuna viti huku mbele.

Swali linaloulizwa kuliko yote kabla ya watu kupanda Ntyuka au kuzunguka Hombolo ni hili: ninunue GPS ipi? Naomba tuliweke kando kwanza. Hapa kwetu lipo swali linalolitangulia: huo mstari utakaoufuata kwenye kioo umetoka wapi, na nani kauchora? Ukikosea hapo, kifaa cha bei mbaya kitakupeleka korongoni kwa usahihi mkubwa.

Tuanze na setilaiti, maana hapa hatuna shida kubwa. Simu au kifaa cha GPS hupokea tu, hakitumi chochote angani, kwa hiyo hakihitaji bando wala laini. Setilaiti za GPS za Marekani ziko takribani kilomita 20,200 juu yetu, na kifaa kinahitaji kusikia angalau nne kwa pamoja ili kijue kilipo. Simu nyingi za siku hizi husikia pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Chini ya anga wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Na Dodoma anga ndiyo mali yetu: hakuna msitu mnene, magorofa ni ya kuhesabu, na mawingu hayazuii mawimbi haya. Utaona nukta ikirukaruka ukiwa chini ya majabali, tuseme kwenye mawe ya Imagi au Mlimwa, kwa sababu mawimbi hugonga jiwe ndipo yakufikie, na kifaa hudhani umbali ni mrefu kuliko ulivyo. Vifaa vinavyosikia masafa mawili, yaani L1 na L5, huvumilia hali hiyo vizuri zaidi. Kama hela ipo, chukua. Kama haipo, usikope kwa ajili hiyo.

Sasa toka nje ya mji. Njia za ng'ombe huachana na kukutana, nne au tano sambamba, kila moja hatua tatu kutoka mwenzake. Ukiwa na kosa la mita 5, hakuna kifaa kitakachokuambia uko kwenye njia ipi kati ya hizo. Wageni hupoteza muda hapo, wanasimama, wanarudi, wanahamia njia ya pili kwa sababu nukta haijakaa juu ya mstari. Usifanye hivyo. Zote zinakwenda kwenye kisima kilekile. Kwenye mipangilio, weka tahadhari ya kutoka njiani kwenye mita 50. Ukiiacha kwenye 10 au 15 itakupigia kelele siku nzima mpaka uizime, na siku utakayopotea kweli itakuwa imezimwa.

Turudi kwenye mstari. Programu nyingi za baiskeli hutumia ramani ya OpenStreetMap, ambayo tangu 2004 inachorwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Vijiji vya Tanzania vimepata bahati, kwa sababu tangu 2015 kundi la Crowd2Map limekuwa likichora barabara na makazi ya vijijini. Lakini wachoraji wengi hufuata picha za setilaiti wakiwa mbali. Barabara ya gari inaonekana, wataichora. Kijia kinachopita chini ya migunga hakionekani, watakiacha. Na picha zina umri wake. Barabara ya mzunguko wa nje ya jiji, ile ya kilomita 112, na reli ya SGR zimekata vijia ambavyo kwenye ramani bado vinaonekana kama vimenyooka. Mstari unavuka reli bila wasiwasi. Wewe unakuta uzio, na kivuko cha chini kiko mbali. Kwa hiyo njia yoyote inayokatiza reli, itafutie kivuko kwenye picha kabla hujaondoka nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo ramani hailisemi: majira. Njia iliyorekodiwa Agosti si njia ya Februari. Ule ukanda mweupe unaoonekana kwenye picha kama barabara safi mara nyingi ni mto wa mchanga. Kiangazi utausukuma kwa mguu, masika utausubiri ng'ambo. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hujaza nafasi kati ya tairi na fremu, baiskeli inagoma kuzunguka. Na mvua zikianza watu wanalima: kijia kilichokatiza shamba la uwele au alizeti hakipo tena, na mwenye shamba amezungushia miiba. Kupita juu ya ile miiba ni pancha, na ni kukosa adabu.

Makorongo ndiyo hatari yenyewe. Mistari ya kontua, ile inayoonesha mwinuko wa ardhi, kwenye programu nyingi hutokana na vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, na kila kipimo kinawakilisha mraba wa mita 30 hivi. Korongo la upana wa mita sita na kina cha mita nne haliwezi kuonekana humo. Kontua zitakuonesha mteremko laini, unaachia breki, halafu ardhi inakwisha. Ukienda upande wa Kondoa ndiyo zaidi. Ile ni nchi ambayo mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ya mmomonyoko wa udongo. Mteremko usioujua, mara ya kwanza ushuke polepole, na mdomo wa korongo uuwekee alama kwenye kifaa.

Kwa sababu hizo zote, rekodi ya mtu aliyepita hivi karibuni ina thamani kuliko njia iliyobuniwa na programu. Ndiyo maana nasema mstari kwanza.

Programu sasa. Organic Maps ni ya bure, haina matangazo, ukishapakua ramani ya eneo inafanya kazi bila mtandao, na inafungua faili la GPX, lile linalobeba njia iliyorekodiwa au kuchorwa. Mtu anayeanza aanze hapo. OsmAnd ina mambo mengi mpaka inachosha, lakini ndiyo inayokuruhusu kuona aina ya barabara, udongo, kontua, na kurekodi kwa namna unayotaka. Toleo la bure huweka kikomo cha idadi ya ramani unazopakua, ila kwa anayezunguka Tanzania kikomo hicho hakimgusi. Komoot hupanga njia vizuri, mradi ukumbuke kwamba inapanga juu ya OpenStreetMap ileile: penye tundu, nayo ina tundu. Strava ni nzuri kwa kuona wenzako wamepita wapi, ila kutumia njia zake bila mtandao ni mpaka ulipie. Trailforks hutegemea waendeshaji wa mahali husika kuingiza njia zao, kwa hiyo fungua ramani yake juu ya Dodoma kabla ya kutoa hela, uone kama kuna mistari au kuna uwanda mtupu. Google Maps iachie magari.

Kuna malalamiko yanayosikika kila baada ya safari: "Nilirekodi, nikakuta mstari umenyooka kama rula kutoka Iyumbu hadi nyumbani." Hiyo si setilaiti. Ni Android imeilaza programu kioo kilipozimika, ili kuokoa chaji. Nenda kwenye mipangilio ya simu, kwenye programu, chagua ile unayorekodia, fungua sehemu ya betri, uiondolee vizuizi. Kisha kwenye ruhusa ya mahali, hakikisha umeruhusu mahali sahihi, siyo mahali pa kukadiria. Kama simu ina programu ya "kusafisha memori", iambie isiiguse hiyo. Kisha jaribu: rekodi ukitembea dakika kumi, kioo kimezimwa, simu mfukoni. Mstari ukipinda ulipopinda wewe, umemaliza.

Nimeona mkono pale. Dada anauliza kama simu inatosha au ni lazima anunue kifaa.

Kwa safari ya saa mbili tatu, simu inatosha, ila isikae kwenye usukani muda wote. Jua la hapa likipiga kioo cheusi saa saba mchana, simu inapata joto, inapunguza mwanga, mwisho inajizima. iPhone imetengenezwa kutumika kwenye joto la hewa la nyuzi 0 hadi 35; simu iliyofungwa juani inapita hapo upesi. Mtikisiko nao unaumiza kamera: mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mitikisiko mikali, kama ya injini za pikipiki kubwa, inaweza kuharibu kamera zenye kidhibiti mtikisiko. Mawe ya Ntyuka si injini, lakini simu ya kupigia na kulipia usiifanyie majaribio. Iweke mfukoni au kwenye kibegi, itoe kwenye njia panda. Na kama simu yako haina kihisi cha dira, kama zilivyo nyingi za bei nafuu, mshale hautajua umeelekea wapi ukiwa umesimama. Tembea hatua kumi, mshale utageuka.

Chaji: pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 haikupi zote; sehemu kubwa hupotea katika kupandisha umeme kutoka volti 3.7 hadi 5, utapata 6,000 na kidogo. Waya ubebe mfupi, maana mrefu hunasa miiba.

Safari ikiwa ya siku nzima, au ya Mpwapwa na milima ya Kiboriani, kifaa maalumu kinalipa, kwa sababu kioo chake husomeka juani bila kuwashwa taa na betri hudumu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kompyuta ya baiskeli: Garmin Edge, Wahoo, Bryton, iGPSPORT. Za chini katika familia hizi hazina ramani, zinaonesha mstari tu kwenye kioo kitupu. Kwetu hilo si dosari kubwa, kwa sababu ramani yenyewe ina matundu na mstari mzuri unatosha. Ya pili ni kifaa cha mkononi kama Garmin eTrex 22x, kinachotumia betri mbili za AA. Kinaonekana cha kizamani, vitufe vyake vinachosha, lakini betri za AA utazipata dukani Kibaigwa, na Garmin inakadiria saa 25 kwa jozi moja. Anayelala njiani achukue hicho.

Ukinunua kilichotumika kutoka Ulaya, tarajia kina ramani za Ulaya. Upande wetu utaona barabara kuu chache na weupe. Dawa yake ni ramani ya OpenStreetMap iliyogeuzwa kuwa faili la .img, unaiweka kwenye folda la Garmin, ndani ya kifaa au kwenye memori kadi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ramani, iwashe hiyo, zima nyingine, maana mbili zikiwaka pamoja moja hufunika nyingine. Na jambo la pili kwenye Edge: zima kupanga njia upya. Ukiiacha, ukitoka kidogo kwenye kijia kukwepa miiba, kifaa kinaamua kukurudisha kwa barabara ya lami.

Kuhamisha njia ni hivi. Kwenye kompyuta chora au safisha mstari kwenye gpx.studio, picha ya setilaiti ikiwa chini yake. Hifadhi kama njia iliyorekodiwa, siyo kama orodha ya vituo, kwa sababu ukipeleka vituo tu, kifaa hujaza chenyewe katikati, kwa akili zake. Weka alama zenye majina yanayosema kitu: "mchanga m 200", "korongo kulia", "maji kisimani". Tuma kwa WhatsApp kama hati. Wakati mwingine hufika na mkia wa .xml, badilisha jina liishie na .gpx, litafunguka.

Umbali na mwinuko havitalingana na vya mwenzako, msigombane. Kifaa kinachoweka nukta kila sekunde 5, nawe unakwenda mita 3 kwa sekunde, kinaacha mita 15 kati ya nukta na nukta, na kona zinakatwa. Weka kila sekunde 1. Ukitaka umbali wa kweli, funga kihisi cha gurudumu: chora chaki kwenye tairi, sukuma mzunguko mmoja ukiwa umekaa juu yake, pima. Tairi ya 29 kwa 2.2 ni karibu milimita 2,298. Mwinuko kwenye kifaa chenye barometa, yaani kipima shinikizo la hewa, urekebishe kabla ya kuanza; uwanja wa ndege wa Dodoma uko karibu mita 1,120. Mwinuko ukiganda wakati unapanda, kitundu cha barometa kimeziba vumbi na jasho. Kioshe kwa maji safi, usichokonoe kwa sindano.

La mwisho kabla hatujatoka: kutaja ulipo ukiwa na majeruhi. Katikati ya mji wetu ni karibu -6.17, 35.74. Latitudo kwanza, na ile alama ya kutoa ni uhai. Ukiisahau, umewatuma waokoaji Ethiopia, pande za Mto Omo. Ukigeuza namba, umewatuma baharini karibu na Tangier, Moroko. Taja tarakimu tano baada ya nukta, hiyo ni mita moja hivi. Tatu tu ni zaidi ya mita 100. Na mwenye ramani ya karatasi ya zamani ya 1:50,000 ajue kwamba imejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, siyo WGS84 ya kifaa chake. Akisoma bila kubadilisha, anakosea takribani mita 300. Ukielekea Kongwa, chini ya kilomita 30 kutoka mjini unavuka mstari wa nyuzi 36 mashariki, na kanda ya UTM, ule mfumo wa kutaja mahali kwa mita, inageuka kutoka 36 kwenda 37. Namba zinaruka ghafla, kifaa hakijaharibika.

Sasa simameni, twende uwanjani. Kila mmoja aweke simu kwenye hali ya ndege, afungue programu yake, asogee mbali na ukuta. Nukta ikichelewa dakika moja mbili, subiri, inasoma ratiba ya setilaiti kutoka angani kwa kuwa hukuipa mtandao. Ikishatulia, sogeza ramani mpaka Hombolo uikuze. Ambaye ataona weupe pale lilipo bwawa hajapakua ramani, aje upande huu tumsaidie.