Dozi ya Nne Iko Ng'ambo ya Maji

Mhadhara wa muuguzi mstaafu wa chanjo mbele ya watumishi wa afya na madiwani, Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu. Waheshimiwa madiwani, waganga wafawidhi, wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na nyinyi akina mama mlioketi nyuma na watoto migongoni. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba.

Nimeombwa nizungumzie chanjo ya malaria. Sitaeleza malaria ni nini, maana hakuna aliyemo humu ambaye hajawahi kutetemeka chini ya blanketi saa saba za mchana. Anayetaka kujua jinsi kimelea kinavyotoka kwenye mate ya mbu na kukimbilia ini, na jinsi chanjo inavyokivizia njiani kabla hakijafika huko, anifuate nje nitamchorea. Hapa ndani nataka tuzungumze dozi ya nne. Walionisikia Sengerema na Ukerewe wanacheka, naona. Wanasema mama huyu na dozi yake ya nne. Ndiyo, nitaisema mpaka mnichoke, halafu nitaisema tena.

Chanjo ziko mbili. Ya kwanza ni RTS,S, ambayo kazi yake maabara ilianza 1987, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Hesabuni wenyewe hiyo miaka. Ya pili ni R21, ya wanasayansi wa Oxford na kiwanda cha India, iliyopendekezwa Oktoba 2023. Zote mbili mtoto huanza akiwa na miezi mitano hivi, na zote mbili ni dozi nne. Tatu za kwanza zinakaribiana. Ya nne inakaa peke yake huko mbele. Waganda, walioanza Aprili 2025, wamepanga miezi 6, 7, 8, halafu 18. Wakenya walipoanza mwaka 2019, na walianzia kwenye kaunti za ziwa hili hili letu, Homa Bay, Siaya, Migori, Kisumu, ratiba yao ilikuwa miezi 6, 7, 9, halafu 24.

Miezi 24! Mtoto wa miezi 24 anakimbiza kuku uani. Mama yake pengine ana ujauzito mwingine, au ana kichanga kingine mgongoni. Kadi ya kliniki ya huyu mkubwa iko chini ya godoro au imeliwa na panya. Hana sababu ya kupanda mtumbwi kumpeleka mtoto mzima kliniki. Na ndivyo ilivyokuwa: dozi ya kwanza walikuja wengi, ya nne wakapungua sana. Ghana, walioanza mwaka huo huo mmoja na Kenya, baadaye waliisogeza ya nne hadi miezi 18 ili ikutane na surua ya pili. Safari moja, sindano mbili. Huyo aliyeamua hivyo anamjua mama.

Sasa niwaambie kisa changu. Mwenyekiti, najua dakika zangu, lakini kisa hiki sikipunguzi.

Miaka hiyo nilikuwa kwenye zahanati moja kando ya mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga. Siku ya chanjo ilikuwa Jumanne. Chupa ya surua ni dozi kumi, na ukishaichanganya una saa sita tu, zilizobaki unamwaga. Sisi tulifundishwa kuogopa kumwaga kuliko tulivyofundishwa kuogopa surua. Basi Jumatano moja, jua likiwa utosini, akaja mama kutoka kisiwani. Jumanne upepo ulikuwa umekataa, mitumbwi haikutoka. Yeye alikuwa amelowa hadi magotini. Kadi ya mtoto alikuwa ameiweka kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akaufunga kwenye pindo la kanga, fundo dogo, gumu, akalifungua kwa meno mbele yangu. Kadi ilikuwa kavu kabisa. Mtoto miezi tisa, zamu ya surua.

Nikatazama benchi. Hakuna mtoto mwingine. Nikamwambia, mayu, leo si siku ya chanjo, njoo Jumanne. Nikachukua penseli nikaandika pembeni mwa kadi: Jumanne. Hakubisha. Aliikunja kadi, akafunga lile fundo lake, akamweka mtoto mgongoni, akarudi mwaloni kutafuta mtumbwi wa kumrudisha.

Jumanne ile hakuja. Wala iliyofuata. Mwisho wa mwezi nikafungua rejesta, nikamwandika kwenye orodha ya watoro wa chanjo.

Mwaka ule ule surua ikaingia visiwani. Akaletwa mtoto, macho yamefunga kwa usaha, mdomo umejaa vidonda, na mama yake akafungua fundo akanipa kadi. Penseli yangu bado ilikuwa inasomeka. Mtoto alipona. Jicho la kushoto halikupona, lilibaki na utando mweupe kama maziwa, na sasa ni mtu mzima, nikimkuta sokoni ananisalimia vizuri tu, shikamoo mama, hajui lolote.

Nilikuwa nalinda dozi tisa. Ndizo ningezimwaga siku ile.

Na lile neno, mtoro, naomba mlifute kwenye vinywa vyenu. Mama yule alifika. Alilipa nauli, alilowa, alilinda kadi kuliko alivyojilinda mwenyewe. Mkisikia mtu kwenye kikao anasema wanawake wa visiwani hawana mwamko, muulizeni: zahanati yako inafunguliwa siku ngapi kwa wiki?

Mtaniuliza, mama, surua ni surua, inahusiana nini na malaria? Inahusiana hapa. Utafiti mkubwa wa RTS,S ulifanyika nchi saba za Afrika, na hapa kwetu ni Korogwe na Bagamoyo. Watoto waliopata dozi zote nne, kwa miaka minne, waliepushwa takriban matukio manne kati ya kila kumi ya malaria, na takriban matatu kati ya kumi ya malaria kali. Wale ambao hawakupata ya nne, mwisho wa ufuatiliaji kinga dhidi ya malaria kali haikuonekana tena. Malaria kali ndiyo ile ya kuishiwa damu, ya mtoto kulegea na kupoteza fahamu, ndiyo inayojaza makaburi. Kwa hiyo ukimchoma mtoto mara tatu ukamwacha, umemtesa sindano tatu na umemwacha katikati ya ziwa. Na atakayemwacha hapo si mwanasayansi wa Oxford wala kiwanda cha India. Ni mimi na wewe, kwa penseli.

Kuna mzee mmoja hapo mbele amenong'ona, manne kati ya kumi tu? Mzee wangu, nimekusikia, na nashukuru umesema, maana hili linanikera popote ninapokwenda. Hapa hapa Misungwi, kuanzia 2019, watafiti walilinganisha vyandarua vya kawaida na vile vyenye dawa ya ziada, klofenapiri. Kwa miaka miwili, watoto wa upande wa klofenapiri waliugua malaria kwa asilimia 44 pungufu. Dunia nzima ilisimama. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua hivyo kwa kila mahali ambapo mbu wamezoea dawa ya zamani. Misungwi! Hakuna aliyesema 44 tu. Sasa kwa nini chanjo ikileta manne kati ya kumi mnakunja uso? Na hivi havibadilishani, vinajumlishana: chandarua kinamzuia mbu, chanjo inamsubiri kimelea wa yule mbu aliyepenya. Kwenye nchi tatu za mwanzo, Kenya, Ghana na Malawi, walipohesabu vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, vifo vya kila sababu isipokuwa ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo ni vya nchi nne tu, na Tanzania imo kwenye hizo nne. Chukua vifo 13 katika kila 100 vya watoto wale wa nchi tatu, kisha uniambie ni kidogo.

Halafu degedege. Hili nalo halisemwi kwenye semina, na ndilo litakalotuangusha.

Chanjo hizi huleta homa kwa baadhi ya watoto, siku ile ile au kesho yake. Kwa wachache sana, homa hiyo huleta degedege. Hupita, na mtoto anabaki salama. Lakini nyinyi mnajua degedege ni nini kijijini kwetu. Macho yakigeuka juu na mikono ikikakamaa, bibi atasema hiyo si ya hospitali, ukimchoma sindano atakufa, na mtoto atapelekwa kufukizwa. Sasa fikirieni mtoto aliyechomwa sindano asubuhi, degedege limemjia usiku. Habari hiyo itavuka maji kabla ya jua kuchomoza, na mkienda na huduma ya mkoba mwezi ujao, ile ya kuwafuata watu huko huko waliko, mtakuta ufuko mtupu.

Dawa yake ni maneno, na maneno yanatangulia sindano. Mwambie mama kabla hujamchoma mtoto: leo usiku anaweza kuchemka. Mpe kipimo cha parasetamo, mwonyeshe kwa kijiko chake yeye. Mwambie akikakamaa mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, mlete. Na mwambie bibi pia, mwiteni bibi kliniki! Tunamlaumu bibi miaka yote na hatujawahi kumkalisha kwenye benchi letu tukamweleza. Ukimwambia mtu homa inakuja na ikaja, atakuamini na kesho. Usipomwambia, ikaja, umekwisha.

Sisemi chanjo haina maswali. Utafiti ule ulipotoa majibu, ilionekana kama homa ya uti wa mgongo imezidi kidogo kwa waliochanjwa, na malaria ya ubongo, na vifo vya watoto wa kike. Ndiyo maana haikusambazwa moja kwa moja. Iliwekwa kwenye zile nchi tatu kwanza, ikafuatiliwa kwa maelfu kwa maelfu ya watoto, na hofu hizo hazikuthibitika. Semeni hivyo hivyo mkiulizwa. Mama akiona unaficha, anashika mtoto wake anaondoka, na mimi ningefanya vivyo hivyo.

Wale wa kusema Mwafrika ni panya wa majaribio, kwa kifupi tu. Wasichana 930 wa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, walishiriki utafiti wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kuona kama dozi chache zinatosha. Ilionekana dozi moja inajenga kinga inayodumu, na majibu yao yakawa sehemu ya ushahidi uliofanya dunia ikubali dozi moja mwaka 2022. Mabinti wa huku wamewapunguzia sindano mabinti wa mabara yote. Mimi hilo nalionea fahari.

Fedha. Nilikuwa na mengi, nitayapitia mbio. R21 ilikuwa chini ya dola 4 kwa dozi, na makubaliano ya Novemba 2025 yalilenga kuishusha hadi 2.99. Sehemu kubwa inalipwa na Gavi, shirika la kimataifa linalozisaidia nchi kupata chanjo, nchi inachangia. Lakini Juni 2025 kule Brussels, Gavi waliomba dola bilioni 11.9 na wakaahidiwa kama 9. Pengo hilo litamwangukia mtu, na waheshimiwa madiwani, mafuta ya boti ya huduma ya mkoba hayatoki Brussels wala hayajawahi kutoka. Yako kwenye bajeti yenu. Mkiyakata mwaka wa chanjo, nitakuja kwenye kikao chenu nikae mbele.

Wajawazito nitawaacha leo, naona mwenyekiti amesimama. Nimalizie na ratiba ya visiwani, dakika mbili.

Wavuvi wa dagaa wanafuata giza. Mwezi ukiwa mwembamba, karabai zinawaka ziwani usiku kucha, na asubuhi dagaa wakifika mwaloni kila mwanamke yuko mchangani anaanika, kwa sababu jua likipita mzigo umeoza. Ukipeleka kibebeo chako cha chanjo asubuhi hiyo, unamwomba achague kati ya sindano ya mtoto na chakula cha mtoto. Mbalamwezi ikijaa, uvuvi unasimama. Siku hizo ufuko umetulia, watu wanashona nyavu na kusukana nywele. Lakini nazo zina siku zake, maana ikipita siku moja mbili wengi huvuka kwenda kwao.

Kwa hiyo msipange mkoba wa visiwani kwa mwezi wa kalenda. Pangeni kwa mwezi wa angani. Siku ya kwanza ya kusimama kwa uvuvi, boti iwe imeshafika, na muuguzi alale huko, asirudi saa tisa. Muulizeni mwenyekiti wa mwalo, siku hiyo anaijua bila kutazama karatasi yoyote. Na Jumatatu, kabla ya jambo lingine, fungueni rejesta zenu mtazame watoto wa miezi 18 wa surua ya pili, maana dozi ya nne itapita njia hiyo hiyo. Wasiofika waandikeni majina na kisiwa, kwa kalamu ya wino. Orodha zenu nitazipitia mwenyewe, namba yangu ya simu mnayo.

Wabeja sana.