Kitabu kimoja kwa mji mzima, ila msiwalazimishe watu wakubaliane

Asanteni sana jamani, na wale wa nyuma kama hamnisikii nyoosheni mkono tu. Nimeombwa niongelee hii mipango ya maktaba za umma ya kuwaalika watu wa mji mzima wasome kitabu kimoja kwa wakati mmoja, hasa pale kitabu chenyewe kinapokuwa riwaya ya zamani, zile ambazo jina lake kila mtu analijua ila waliofika ukurasa wa mwisho ni wachache. Mi nimeongoza vikundi vya namna hii kwa miaka, na ninaloliamini ntalisema mapema kabisa: kazi yetu ni watu wasome halafu waongee walichokiona, wakikubaliana sawa, wasipokubaliana ndo vizuri zaidi.

Tuanzie ilikoanzia. Mwaka 1998 kule Seattle, Marekani, mkutubi anaitwa Nancy Pearl, aliyekuwa anaongoza kituo cha vitabu ndani ya maktaba ya umma ya mji ule, alikuja na wazo jepesi tu, itakuwaje Seattle nzima ikisoma kitabu kimoja? Na kitabu walichochagua ni The Sweet Hereafter cha Russell Banks, cha mwaka 1991, yaani basi la shule linaacha barabara kwenye theluji, watoto 14 wanakufa, wazazi wanabaki wanatafuta wa kumlaumu na mwanasheria anaingia mjini kuwashawishi wafungue kesi. Sasa niambieni ukweli, nani kati yetu angechagua hicho? Tungesema kizito, watu watakimbia. Lakini angalia kilivyoandikwa, kina wasimulizi wanne, dereva wa basi, baba aliyefiwa na watoto wake wote wawili, huyo mwanasheria, na binti aliyepona ila hatembei tena, kila mmoja anaisimulia ajali ileile kivyake na hakuna wa kukwambia yupi umwamini. Msomaji akifunga kitabu tayari ana upande. Na mwenzake ana upande mwingine. Mkutubi hana haja ya kutafuta mada, mada imeshawekwa na mwandishi.

Mwaka 2001 Chicago nao wakaanza, wao wakachukua To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, na wasomaji wakapewa beji ndogo za kuvaa ili ukimwona mtu usiyemjua ujue anasoma unachosoma wewe. Mi hiyo ya beji naipenda sana kwa sababu inampa mtu ruhusa ya kumsemesha mgeni. Miji mingi ikaiga. Mwaka 2006 mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani ukaanzisha mpango kama huo unaoitwa The Big Read, kwanza kwa majaribio kwenye sehemu 10 na riwaya nne tu, baada ya ripoti yao ya 2004 kuonyesha kwamba watu wazima waliosoma fasihi yoyote kwa hiari yao ndani ya mwaka mzima hawafiki nusu.

Ila mji ninaoukumbuka zaidi ni New York. Mwaka 2002 walitaka na wao kitabu kimoja, kamati ikagawanyika kati ya Native Speaker cha Chang-rae Lee na The Color of Water cha James McBride, hofu ikawa hiki kitawaudhi hawa, kile kitawaudhi wale, na mwishowe mji wenye wachapishaji wengi kiasi kile ukashindwa kushika kitabu kimoja kwa pamoja. Nimeshakaa kwenye vikao vya hivyo, wanasoma listi na kufuta kila kitabu chenye makali, mpaka kinabaki ambacho hakimchukizi mtu na wala hakimgusi mtu, halafu siku ya mjadala wanakuja watu sita, wanasema kizuri, wanaenda nyumbani. Inaniuma, maana watu wale sita walikuja na hamu.

Sasa turudi kwa Mockingbird kwa sababu ndo riwaya ninayoulizwa kila mara, na wengi wanaijua kupitia filamu ya 1962. Mtu akija na filamu kichwani anakuja na mahakama, anakuja na wakili Atticus Finch amesimama anamtetea Tom Robinson, mtu mweusi anayesingiziwa kumbaka mwanamke mzungu. Lakini kitabu kina sura 31 na kesi inasikilizwa kuanzia sura ya 17 mpaka ya 21. Kumbe kabla ya hapo kuna nini? Kuna watoto, kuna jirani asiyetoka ndani, na kuna suala la kusoma lenyewe, ambalo kwa sisi watu wa maktaba ndo lingetakiwa kutushika shati. Scout, binti wa Atticus ambaye ndo msimulizi, anaenda shule siku ya kwanza akiwa tayari anajua kusoma na mwalimu anakasirika, anamwambia Scout kwamba baba yake aache kumfundisha. Mtoto ndo anagundua hapo kwamba kusoma anakupenda, alikuwa hajui kwa sababu hajawahi kuogopa kukukosa.

Halafu sura ya 12. Calpurnia, yule mama mweusi anayefanya kazi kwa akina Finch, anawachukua watoto wawili wazungu, Scout na kaka yake Jem, kwenda nao kanisani kwake. Wanakuta hakuna vitabu vya nyimbo. Mtoto wa Calpurnia, Zeebo, ambaye kazi yake ni kuzoa taka, anasimama anasoma mstari mmoja, waumini wote wanauimba, anasoma mwingine, wanauimba. Jem anashauri wachange pesa wanunue vitabu, na Calpurnia anamwambia havitasaidia kitu, hawajui kusoma, kanisa zima wanaosoma ni wanne tu. Na Zeebo alifundishwa na mama yake, kwa kutumia Biblia na kitabu kizito cha sheria, kwa sababu ndo alivyokuwa navyo. Mi kila nikifika hapo nasimama. Mtu mmoja anasoma kwa sauti, na waliobaki wanakipata kitabu bila kukishika mkononi, hiyo ni programu ya kusoma ya jamii, imo ndani ya riwaya yenyewe!

Na hapohapo ndo pa kubishania. Kuna kikundi nilikiongoza, wiki mbili za kwanza kila mtu anamsifu Atticus, shujaa, baba wa mfano. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, ananyamaza tu. Wiki ya tatu akasema, mi nimehesabu, huyu Tom karibu maneno yake yote yapo sura ya 19, akiwa anahojiwa, kitabu kinamhusu yeye na kufa anakufa yeye ila hatujaingia ndani ya nyumba yake tukiwa naye hata mara moja, na Calpurnia tunamwona jikoni kwa watu, mbona nyumbani kwake hatufiki? Chumba kikanyamaza, halafu kila mtu akataka kusema kwa wakati mmoja. Mmoja akajibu msimulizi ni mtoto, anaona anachoruhusiwa kuona. Mwingine akasema mwandishi ndo aliyemchagua huyo mtoto awe msimulizi. Tulipitiliza muda. Wiki iliyofuata watu waliongezeka, na wawili kati yao walikuwa wamerudia kukisoma upya. Ningekuwa nimeharakisha kusema "mama yangu tutalijadili baadaye", nadhani ningeua kila kitu.

Kwa hiyo swali la kufungulia lisiwe "mmejifunza nini", hilo ni swali la mtihani, mtu mzima aliyeteseka shuleni anajikunja palepale. Uliza ni ukurasa gani ulitaka kukitupa kitabu. Uliza nani humwamini. Na aliyefika sura ya nne akakwama akaribishwe kama aliyemaliza, aeleze alikwamia wapi, mara nyingi pale alipokwamia pana kitu.

Mambo ya vifaa ntayapitia haraka. Kitabu cha kielektroniki msidhani maktaba ikinunua kimoja mji wote unakipata, mara nyingi leseni ni msomaji mmoja kwa wakati mmoja, foleni inakuwa ileile kama ya karatasi. Hapo ndo riwaya iliyotoka kwenye hakimiliki inakuwa na raha yake, Jane Austen alifariki 1817, mtu yeyote anaweza kuchapa, kurekodi, kusoma hadharani, bila kuomba wala kulipa. Harper Lee alifariki 2016, yeye bado mpaka ruhusa. Zingatieni nakala za maandishi makubwa, za nukta nundu, za kusikiliza, na ziwepo siku ya kwanza, sio mtu asiyeona anaambiwa yako inakuja wakati wenzake wapo sura ya kumi. Na tafsiri, kama mji una lugha zaidi ya moja basi tafuta kitabu chenye tafsiri kabla hujakitangaza.

Kingine ambacho sikiachi: vipindi vya kusoma kwa sauti. Kuna watu wazima hawajui kusoma na hawatakwambia, watasema miwani nimeisahau. Ukiweka kipindi cha kusomewa, sura moja kila wiki, wanaingia bila kuulizwa chochote, na kwenye mjadala wanaongea kama wengine, maana wamekisikia kitabu chote.

Maswali ntayapokea, ila kwanza naomba dakika kumi. Kwenye viti vyenu kuna karatasi, ni kipande cha hiyo sura ya 12, kile cha kanisani. Kuna viti havijapata, kaeni wawili wawili. Mi nasoma mstari wa kwanza, anayekaa mwisho kulia anapokea wa pili, na asiyetaka kusoma asikilize tu, zamu inamruka na hakuna atakayemuuliza kitu.