Kidole Kilichoalika Maabara

ZUHURA: Tuliahidi kuzungumzia goti katika kipindi hiki, na mpango ninao mkononi. Lakini Jumatano, nikiwa nimekaa muda mrefu na kibano juu ya kipande cha gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, kilicholowekwa katika maji ya chumvi, nilivuta kidole cha kati kilichochoka, nacho kikaalika kwa mlio uliomfanya mwanafunzi aliyekuwa kando yangu aulize kama mfupa umepasuka. Nilikivuta tena palepale, kikanyamaza. Nikaitazama saa, na ilipita kama dakika 20 ndipo kikaalika tena.

JUMA: Muda huo, dada Zuhura, ndio gesi inaouhitaji ili iyeyuke upya katika ute wa kiungo. Ukivuta kidole, nyuso za gegedu huachana, shinikizo la ute hushuka ghafla na gesi hujitenga. Mlio ni uwazi huo ukifunguka. Mwaka 2015 mtafiti Kawchuk na wenzake, nchini Kanada, walivuta vidole ndani ya mashine ya picha za sumaku (MRI), na uwazi ulionekana pamoja na mlio, ukabaki hata baada ya mlio kwisha.

ZUHURA: Hapo ndipo tunapoachana, kaka Juma. Mashine ile ilipiga takriban picha tatu kwa sekunde, ilhali mlio ni wa kitambo kifupi mno. Watafiti Unsworth, Dowson na Wright walieleza tangu 1971 kwamba sauti hutoka kiputo cha gesi hiyo kinaponywea, si kinapofunguka, na hesabu za watafiti Chandran Suja na Barakat za 2018 zinaonyesha kuwa hata kikinywea kwa sehemu tu, sauti ileile hutokea na mabaki yake huendelea kuonekana.

JUMA: Hesabu hueleza kinachowezekana, lakini picha imetoka katika kidole cha mtu hai. Siwezi kuutanguliza mlinganyo mbele ya kilichoonekana.

ZUHURA: Kilichoonekana ni kabla na baada. Niambie, kiputo kilichonywea nusu kingekuwa na sura gani tofauti katika picha zile?

JUMA: Wewe unayedai kilinywea ndiye unayepaswa kunionyesha sura hiyo. Mimi sitoki hapa. Mwanafunzi ulimjibu nini?

ZUHURA: Nilimwambia mfupa ni mzima, nikamtajia daktari Donald Unger, aliyealisha vidole vya mkono wa kushoto kwa miaka 50 na kuuacha wa kulia kwa ajili ya ulinganisho, asikute ugonjwa wa baridi yabisi katika mkono wowote. Ni mtu mmoja tu, lakini subira yake naiheshimu sana.

JUMA: Tumebakiwa na dakika 2, na goti, linalobeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili kila tunapopiga hatua, hatujaligusa.

ZUHURA: Basi tusilifupishe. Kile kipande cha gegedu nimekiacha chini ya mzigo, kikiendelea kuchuja maji yake polepole na kubonyea, na vipimo vyake nitakuja navyo kipindi kijacho.